Ziara ya muuguzi nyumbani ipewe bei yake

Mhariri,

Mgonjwa wa kiharusi akilazwa katika hospitali ya kiwango cha 4 (ngazi ya kaunti ndogo), Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), bima ya afya ya umma hapa Kenya, huilipa hospitali shilingi 3,360 kwa kila siku anayolala pale. Ndivyo vinavyosema viwango vilivyochapishwa mwaka 2024. Kiwango cha 5 ni shilingi 3,920 na cha 6 ni 4,480. Siku anaporuhusiwa kurudi kijijini Nyakach au Seme, angali na mpira wa mkojo (katheta), kidonda kinachoanza mgongoni na dawa tatu za presha, malipo hukatika. Ugonjwa haukatiki. Inayofuata ni kazi ya miezi, pengine miaka, na kazi hiyo haina bei yake.

Viwango vingi vya SHA vimejengwa juu ya vipimo vitatu: siku ya kitanda, kipindi cha matibabu (kama kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, shilingi 10,650 kwa kipindi), na kazi ya mara moja (kama kujifungua kwa upasuaji, shilingi 30,000). Chini ya mfumo huu lipo jopo la kumshauri Waziri wa Afya kuhusu huduma zitakazolipiwa na bei zake. Ombi langu kwa jopo hilo ni moja: ziara ya muuguzi nyumbani iwe kipimo cha nne, na bei yake itokane na hesabu ya kazi yenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bei ikipangwa na mtu asiyeujua uzito wa mzigo huu, itakuwa ya usufi kweli, na hakuna muuguzi atakayeifuata hadi kijijini.

Nianze na fedha za umma ambazo tayari zinafika nyumbani, maana wapo wanaosema serikali imekwisha kufanya lake. Tangu Septemba 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini. Kila mmoja ana takriban nyumba 100 na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Gawanya mwenyewe: ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi. Kwa hizo 50 anapima presha na sukari, anapima mkono wa mtoto kwa utepe kubaini utapiamlo, na anaingiza taarifa kwenye simu. Kazi yake ni kubaini tatizo na kumwelekeza mtu kwenye zahanati, na anaifanya vizuri. Kumwambia abadilishe mpira wa mkojo au asafishe kidonda kilichofika kwenye nyama ni kumkosea yeye na kumkosea mgonjwa, kwa sababu hakufunzwa kazi hiyo na mkoba aliopewa hauna vifaa vyake.

Fedha nyingine ni za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefikisha miaka 70, na kiasi hicho hicho kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Sasa tazama "wakati wote" maana yake ni nini kwa hesabu. Wiki ina saa 168. Amri ya jumla ya mishahara huweka kazi ya kawaida kuwa saa 52 kwa wiki. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake anahitaji watu watatu na zaidi kidogo wakipokezana. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani mjini Kisumu, kwa amri ya 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Zidisha mara 3.23 upate kama shilingi 52,000. Serikali inatoa 2,000. Zilizobaki 50,000 hazilipwi na yeyote. Zinatoka kwenye mwili wa mke, binti au mkaza mwana, aliyeacha kibanda chake sokoni au shamba lake la mpunga ili amgeuze mgonjwa usiku na mchana.

Na yule mfanyakazi wa nyumbani wa shilingi 16,113.75 hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, yaani shilingi 443 kila mwezi. Anachangia mfuko ambao hauitambui kazi yake mwenyewe kuwa huduma ya afya.

Siiombi bima ilipe saa zote 168. Hakuna nchi yenye mapato kama yetu inayoweza. Naomba ilipie sehemu inayohitaji ujuzi wa muuguzi, na ilipie kumfunza yule wa nyumbani afanye sehemu iliyobaki bila kumuumiza mgonjwa wala kujivunja mgongo. Sehemu hiyo ni ndogo, inahesabika, na nitaihesabu hapa.

Tuchukulie kwamba kumwajiri muuguzi, pamoja na makato yote ya mwajiri, kunagharimu shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwezi una siku 22 za kazi. Toa nne za kuandika ripoti, kuchukua vifaa, kukutana na afisa wa kliniki kuhusu wagonjwa wagumu, mafunzo na likizo. Zinabaki 18 za kutembelea watu. Mjini Kisumu, ambako Manyatta, Nyalenda na Obunga zimekaribiana, muuguzi anaweza kuzuru nyumba sita kwa siku akifanya kazi ya kuridhisha. Hizo ni ziara 108 kwa mwezi, na kila moja inabeba shilingi 556 za mshahara. Nyakach ya juu na Nyakach ya chini ni mambo mengine. Atafanya nne akijitahidi, jumla 72, na kila moja inabeba shilingi 833 kabla hajapanda pikipiki.

Ongeza usafiri. Mjini tuseme shilingi 120 kwa ziara, vijijini 400, maana bodaboda humngoja au humrudia. Ongeza vifaa vya kawaida (glavu, shashi, maji ya chumvi ya kusafishia kidonda, plasta, vijiti vya kupimia sukari) shilingi 250. Mjini tumefika 926, vijijini 1,483. Halafu kuna gharama ambazo mgonjwa hazioni: msimamizi, simu na bando, kutunza rekodi, kufuatilia madai ya malipo. Asilimia 15 si kubwa. Jumla ni shilingi 1,065 kwa ziara ya mjini na 1,705 kwa ya kijijini. Anayeona nimezidisha au nimepunguza aweke nambari zake. Njia ya kuhesabu itabaki hiyo hiyo.

Weka sasa hesabu hii karibu na ile ya kitanda. Ziara mbili kwa wiki huko Nyakach ni shilingi 3,410. Siku moja tu ya kulazwa katika kiwango cha 4 ni 3,360, na wiki nzima ni 23,520. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia, ambaye yuko wodini kwa sababu tu nyumbani hakuna wa kumsafisha kidonda, anaugharimu mfuko mara saba ya gharama ya kumfuata kwake.

Lakini jambo moja lisemwe bila kufichwa: si kila aliyelazwa anafaa kurudishwa nyumbani. Anayehitaji oksijeni, dripu ya mara kwa mara au aliye na maumivu ambayo hayajadhibitiwa, abaki hospitalini. Na pesa zinazookolewa na mfuko hazipotei angani, nyingine huhamia kwa familia: nepi za watu wazima, sabuni, maji ya kununua kwa mtungi, godoro, na kazi iliyoachwa. Bei ya ziara ikipangwa bila kukumbuka hilo, tutakuwa tumehamisha wodi kutoka hospitalini hadi sebuleni na kumwachia bili mwenye nyumba.

Tofauti ya mji na kijiji ndiyo mahali ambapo mipango mingi ya namna hii huharibika. Ukiweka bei moja, tuseme 1,300 kwa Kaunti nzima ya Kisumu, kila ziara ya mjini inaleta faida na kila ziara ya Nyakach, Seme au Muhoroni inaleta hasara. Matokeo yanajulikana kabla hayajatokea: watoa huduma wote watajipanga mjini. Mvua nazo zina neno lao. Mto Nyando ukifurika, na udongo mweusi wa tambarare za Kano ukilowa, pikipiki haipiti na ziara nne zinakuwa tatu au mbili. Kwa ziara tatu kwa siku, mshahara pekee unafika shilingi 1,111 kwa ziara. Kwa hiyo usafiri usichanganywe ndani ya bei. Ulipwe peke yake kwa madaraja ya umbali kutoka kituo cha afya, na liwepo daraja la msimu wa mafuriko.

Kuna mambo tunayoweza kujifunza kwa waliotutangulia, hasa makosa yao. Marekani, kupitia bima yake ya wazee iitwayo Medicare, ililipa huduma za nyumbani kwa miaka mingi kwa kurudisha gharama zilizotumika. Ziara zikaongezeka bila breki. Mwaka 1997 bunge lao lilikaza malipo ghafla, na kampuni za huduma hiyo, zilizokuwa zaidi ya 10,000, zikashuka hadi karibu 7,000 katika miaka michache. Oktoba 2000 wakaanza kulipa fungu moja kwa siku 60 za huduma. Hapo mchezo ukageuka: kila ziara iliyopunguzwa ilikuwa faida, ziara zikapungua. Mfumo huo pia uliongeza malipo kwa mgonjwa aliyefikisha ziara kumi za mazoezi ya viungo, na ikaonekana wagonjwa wengi ajabu wakiishia kwenye kumi au juu kidogo tu. Mwaka 2008 mpaka huo ukavunjwa ukawa ngazi kadhaa, na Januari 2020 idadi ya ziara za mazoezi ikaondolewa kabisa kwenye hesabu ya bei, na fungu likawa la siku 30.

Somo ni kwamba kila namna ya kulipa ina ugonjwa wake. Ukilipa kwa ziara, utapata ziara nyingi za dakika kumi. Ukilipa kwa mwezi, utapata simu badala ya ziara. Ukilipa kwa saa, kazi itakuwa ndefu. Dawa ninayoiona inafaa kwetu ni kuchanganya: nusu ya malipo iwe fungu la mwezi kwa kila mgonjwa aliyesajiliwa, ili mtoa huduma awe na uhakika wa mshahara wa muuguzi, na nusu ilipwe kwa ziara zilizofanyika na kuthibitishwa.

Fungu la mwezi lisiwe sawa kwa wote. Kipimo cha Barthel, cha kuona mgonjwa anajitegemea kiasi gani, kimetumika duniani kwa miongo mingi na hakihitaji mashine. Kinaangalia mambo kumi: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, kuzuia choo, kuzuia mkojo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Alama ni kuanzia 0 hadi 100. Aliye na 20 au chini hujitegemea kwa nadra. Awekwe daraja la ziara nane kwa mwezi. Kati ya 21 na 60, ziara nne. Zaidi ya hapo, mbili na simu. Wapo watakaokuwa na alama nyingi na bado wanahitaji ziara nyingi, kwa mfano mwenye kidonda cha kisukari mguuni anayetembea vizuri tu. Kwa huyo kidonda ndicho kiamue.

Ziara ya kwanza ilipwe zaidi, angalau mara mbili, kwa sababu huchukua saa moja na nusu ikifanywa sawasawa. Muuguzi anamgeuza mgonjwa na kutazama ngozi ya mkiani, nyonga, visigino na nyuma ya kichwa. Anapima presha, sukari na joto. Anamwaga mfuko wote wa dawa mezani, maana mara nyingi atakuta dawa moja ya presha katika pakiti mbili zenye majina tofauti, na mgonjwa anameza zote mbili. Anauliza nani anamgeuza usiku, maji yanatoka wapi, choo kiko umbali gani. Ziara hii ikilipwa sawa na nyingine itafupishwa, na makosa yake yatalipwa baadaye kwa bei ya kitanda.

Vifaa ni suala ambalo wapanga bei hulipita haraka, na ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua mpira wa mkojo. Ule wa kawaida wa latex usikae zaidi ya wiki nne. Wa silikoni tupu unaweza kukaa hadi wiki 12. Wa silikoni ni ghali zaidi kwa shilingi mia kadhaa, na afisa ununuzi anayetazama bei ya kifaa pekee atachagua wa bei nafuu kila mara. Lakini hesabu ya kijijini inasema hivi: kwa wiki 12, wa latex unadai ziara tatu za kubadilisha, shilingi 5,115 kabla ya bei ya mipira yenyewe. Wa silikoni unadai moja, shilingi 1,705. Na kama ziara hazilipwi, wa latex hubaki mahali pake miezi miwili au mitatu. Chumvichumvi za mkojo hujiganda kwenye ncha, mpira huziba, mkojo huvuja pembeni au kurudi nyuma, homa hupanda, na mgonjwa hurudishwa hospitalini usiku na maambukizi ya damu. Mfuko wa mkojo nao ukae chini ya kiwango cha kibofu lakini usiguse sakafu; ni jambo dogo linalosababisha matatizo mengi tunayoitwa kuyatatua.

Kidonda cha kulalia hakizuiwi na muuguzi anayekuja mara mbili kwa wiki. Kinazuiwa na kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, mara 12 kwa siku, na anayemgeuza ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo mafunzo ya mlezi yawe kipengele kinacholipiwa chenyewe: vipindi vitatu katika wiki mbili za kwanza. Afundishwe kumgeuza kwa kutumia shuka iliyokunjwa chini ya kiuno badala ya kumvuta kwa kwapa, maana bega la upande uliopooza huteguka kirahisi. Afundishwe kuweka mto kati ya magoti na kuacha visigino vikining'inia bila kugusa godoro. Afundishwe kumlisha akiwa ameketi wima na abaki hivyo nusu saa baada ya kula, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kiharusi hukosa kumeza vizuri na uji huingia mapafuni. Afundishwe kwamba wekundu usiotoweka ukibonyezwa kwa kidole ni kidonda kilichokwisha kuanza. Mlezi akionyeshwa mara moja tu, siku ya kuruhusiwa, akiwa amebeba mizigo na kutafuta nauli, hatakumbuka hata nusu.

Kuhusu wagonjwa wa saratani walio mwishoni, Kisumu na Nakuru zina hospisi (vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona), na morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutengenezwa nchini kwa kuchanganya unga na maji. Hutolewa kila saa nne, na kwa kawaida dozi ya usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa alale bila kuamshwa, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kinachokwama ni mguu wa kuifikisha na mtu wa kurekebisha dozi maumivu yanapopanda. Uganda, ng'ambo tu ya Busia, iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini tangu mwaka 2004. Ziara yenye bei, pamoja na muuguzi mwenye ruhusa, ingemwepusha mgonjwa asiyeweza kukaa kitini na safari ya matatu ya kwenda kufuata chupa ya dawa.

Hofu kubwa ya SHA itakuwa ziara hewa, na hofu hiyo ni halali. Hospitali zenye kuta zimedai pesa za wagonjwa wasiokuwepo. Itakuwaje kwa nyumba zilizotawanyika vijijini? Marekani, kwa sheria ya 2016, ililazimisha kila ziara ya nyumbani inayolipwa na bima ya wasiojiweza irekodi mambo sita kwa njia ya kielektroniki: huduma gani, kwa nani, tarehe, mahali, nani aliyeitoa, na saa ya kuanza na kumaliza. Kwetu simu inaweza kufanya hivyo, mradi programu ihifadhi taarifa pasipo na mtandao na kuzituma baadaye, la sivyo ziara za halali kutoka mabondeni zitakataliwa. Tahadhari nyingine ni alama za vidole. Vidole vya mzee aliyelima na kupika kwa kuni miaka 50 mara nyingi havisomeki na mashine, na mkono uliokunjwa na kiharusi haufunguki. Mlezi mmoja aliyesajiliwa na kaya athibitishe kwa niaba yake. Mhamasishaji wa afya wa eneo hilo, ambaye tayari anazijua nyumba zake 100, achague ziara chache kila mwezi bila taarifa na kuziulizia, na alipwe kwa kazi hiyo juu ya posho yake.

Swali la nani anabaki na pesa lisiachwe kwa soko. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ya Marekani ilitoa kanuni kwamba asilimia 80 ya malipo ya umma kwa huduma za kumtunza mtu nyumbani zifike mikononi mwa wafanyakazi wenyewe, ikazipa majimbo miaka sita ya kujiandaa. Gharama za safari, mafunzo na vifaa vya kujikinga huondolewa kwanza kabla ya kupiga asilimia. Jaribu kipimo hicho kwenye hesabu yangu ya mjini: toa usafiri 120 na vifaa 250 kutoka 1,065, zinabaki 695. Mshahara ni 556, yaani asilimia 80 kamili. Kijijini ni 833 kati ya 1,055, asilimia 79. Kwa hiyo sharti hilo linawezekana hapa bila kumfilisi mwajiri, na liandikwe kwenye mkataba wa kila anayelipwa na mfuko. Bila sharti, mwajiri atapokea 1,705 na kumpa muuguzi 400 kwa ziara, na muuguzi huyo ataomba viza. Mkataba wa ajira kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa saini Septemba 2024, na huko bima ya utunzaji, iliyoanza mwaka 1995, humpa mgonjwa anayetunzwa nyumbani pesa anazoweza kumpa jamaa anayemtunza, kuanzia euro 347 hadi 990 kwa mwezi kwa viwango vya 2025. Tunawafunza vijana wetu wakawatunze wazee wa kule, ambako kazi hii ina bei.

Kisha kuna kuchelewa kwa malipo, ambako kumeua mipango mizuri mingi kuliko bei mbaya. NHIF, bima ya umma iliyoitangulia SHA, iliacha madeni ya hospitali ya takriban shilingi bilioni 30, na Machi 2025 Rais alitangaza kwamba vituo vinavyodai milioni 10 au chini vilipwe kikamilifu. Hospitali kubwa inaweza kuvumilia. Kikundi cha wauguzi wawili wanaofanya ziara 144 kwa mwezi kijijini kinadai shilingi 245,520 kila mwezi. Malipo yakichelewa miezi mitatu, wamekopesha serikali 736,560 kutoka mifukoni mwao. Hawana. Ndiyo maana nusu ile ya fungu la mwezi ilipwe mwanzoni mwa mwezi, si mwishoni.

Kaunti haihitaji kungoja jopo la Nairobi limalize kikao. Afya ni jukumu la kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, na Sheria ya Fedha za Kuboresha Vituo ya 2023 inaziruhusu hospitali kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia. Kisumu ina kaunti ndogo saba. Wauguzi wawili kwa kila moja ni 14; kwa ziara 72 kila mmoja ni 1,008 kwa mwezi; kwa shilingi 1,705 ni 1,718,640 kwa mwezi, au takriban milioni 20.6 kwa mwaka. Hiyo inahudumia wagonjwa 252 kwa ziara nne kila mwezi, kama saba kwa kila wadi kati ya wadi 35. Ni wachache, lakini wanatosha kuonyesha bei halisi kwa risiti badala ya makadirio kama haya yangu, na jopo likaletewa.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kisichoonekana Septemba ni vigumu kukipenyeza Aprili. Wanaohudhuria vikao vya maoni ya umma waombe mistari miwili, si mmoja: ziara za wauguzi nyumbani, na vifaa vya wagonjwa wa nyumbani. Ikiwekwa pamoja, mafuta ya gari na posho za semina zitakula sehemu ya vifaa kabla ya Desemba, na muuguzi atafika kwa mgonjwa akiwa na fomu mkononi na mpira wa mkojo hana.

Muuguzi wa afya ya jamii,
Katito, Kaunti ya Kisumu